MWENYE NYUMBA ASIYEINGIA NYUMBANI MWAKE

Katika mji wa New York, huko Marekani, iko nyumba ya pombe iitwayo McSorley's. Wenyewe husema kwamba ilifunguliwa mwaka 1854 na Bwana John McSorley, mtu wa Ireland. Wako wachunguzi wasemao kwamba ilianza miaka michache baadaye. Bia iuzwayo humo ni ya namna mbili tu, nyeupe na nyeusi, na sakafu hunyunyiziwa unga wa mbao. Wasomaji wapenzi, natuzitazame habari za nyumba hii, kwa maana mna mafundisho hata kwa wale wasioonja pombe kamwe.

Mzee John aliweka sharti kwamba mwanamke asikanyage kizingiti chake. Alipofariki mwaka 1910, mwanawe Bill alirithi biashara, na sharti lile pia. Kisha, tangu mwaka 1920 hata 1933, sheria ya Marekani ilikataza pombe nchi nzima, na nyumba nyingi za namna hii zikafunga milango. McSorley's haikufunga. Hadharani iliuza bia hafifu isiyolevya. Walakini yasemekana kwamba bia halisi ilipikwa humo humo, chini ya nyumba.

Mwaka 1936 Bwana Bill aliiuza nyumba kwa askari polisi mmoja, Bwana Daniel O'Connell. Huyu naye alifariki mwaka 1939, akamwachia binti yake, Bibi Dorothy Kirwan. Tazameni ajabu hiyo! Nyumba isiyomruhusu mwanamke kuingia ikawa mali ya mwanamke. Lakini Bibi huyo alikuwa amemwahidi baba yake kwamba hatalivunja sharti. Basi alimpa mumewe kazi ya kuisimamia, na yeye mwenyewe alikuwa akifika Jumapili usiku tu, wateja wakiisha kwenda zao.

Mambo yalikaa hivyo miaka thelathini. Mnamo Januari 1969 mabibi wawili, Faith Seidenberg na Karen DeCrow, waliingia wakaomba bia. Walikataliwa, nao wakaenda mahakamani. Wenye nyumba walijitetea kwamba hiyo ni biashara ya mtu binafsi, naye huchagua wateja wake. Mwaka 1970 Jaji Walter Mansfield alikata shauri: nyumba inayouza pombe kwa leseni ya serikali haiwezi kumfukuza raia kwa sababu ni mwanamke tu. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mji nao ukapata sheria iliyokataza ubaguzi huo, na milango ikafunguliwa. Bibi Dorothy aliombwa awe mwanamke wa kwanza kuhudumiwa, akakataa, maana ahadi yake ilikuwa haijafa.

Watu wengine watamcheka Bibi huyo. Mimi simcheki. Waswahili husema ahadi ni deni, naye alilipa deni lake mpaka senti ya mwisho. Lakini tupambanue mambo mawili. Ahadi humfunga yule aliyeitoa. Haimfungi mpita njia mwenye kiu na fedha yake mkononi. Bibi Dorothy alikuwa na haki ya kujizuia yeye mwenyewe. Hakuwa na haki ya kuwazuia wanawake wote wa New York kwa neno alilolisema mbele ya baba yake. Tena mtu aombaye leseni kwa serikali amekwisha kukubali kuwatumikia raia wote, si rafiki zake tu.

Wako waliotabiri kwamba nyumba ile itakufa kwa kuacha desturi yake. Haikufa. Mwaka 1977 ilinunuliwa na Bwana Matthew Maher, aliyekuwa mtumishi humo. Choo cha wanawake kilijengwa mwaka 1986. Na mwaka 1994 binti yake, Teresa, alianza kuuza bia humo, mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo. Bwana Maher alifariki mwaka 2020, na jamaa yake wangali wanaiendesha. Unga wa mbao ungali sakafuni, na bia ni zile zile mbili. Kumbe desturi zilizowavuta watu zilidumu bila ya ile iliyowafukuza. Nasi tunaosimamia vilabu, vyama na mabaraza yetu, na tuulizane: ni desturi ipi kwetu inayowavuta watu, na ni ipi inayowafukuza tu?