Matope ya Elgon na mtihani wa kuchagua tairi

MVUA ya masika inapoanza kunyesha katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, mkulima hufurahi na dereva husononeka. Barabara iliyopitika kwa urahisi mwezi Januari hugeuka kuwa utelezi mtupu kufikia Mei, na gari lililonunuliwa kwa mamilioni ya pesa hukwama hatua chache tu kutoka kwenye lami, abiria wakisubiri trekta la jirani lije kulivuta.

Lawama nyingi hutupiwa gari lenyewe. Ukweli ni kwamba injini yenye nguvu na mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne havifui dafu iwapo tairi halina mshiko. Gari zima, pamoja na watu na mizigo yake, hugusa ardhi kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Breki, usukani na nguvu za injini hutegemea vipande hivyo.

Uamuzi wa tairi lipi linunuliwe umezidi kuwa mgumu kwa sababu barabara za eneo hili zimebadilika. Barabara kuu kutoka Webuye kupitia Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, kisha Kapenguria, ni ya lami. Ndivyo ilivyo barabara ya Webuye, Bungoma hadi Malaba ambayo hubeba malori ya mizigo yaendayo Uganda. Barabara ya Kitale kupitia Endebess hadi mpaka wa Suam, yenye urefu wa takriban kilomita 45, nayo ilijengwa upya kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Hata hivyo, lami huishia pale ambapo safari ya wengi haijaisha. Anayeondoka mjini Kitale kwenda shambani Kwanza au Cherang'any, au anayetoka Bungoma kuelekea vijiji vya juu vya Mlima Elgon, husafiri sehemu kubwa ya njia kwa kasi ya barabara kuu, halafu humalizia kwenye changarawe au matope. Gari moja, katika safari moja, hudaiwa sifa mbili zinazopingana.

Matairi ya magari ya aina hii hugawanywa katika makundi matatu, na alama zake huandikwa ubavuni. Yale ya H/T yametengenezewa barabara kuu. Meno yake yamekaribiana, hayapigi kelele na hushika lami vizuri. Yale ya M/T ni ya matope. Meno yake ni makubwa na yameachana ili udongo upate njia ya kutoka. Katikati yapo ya A/T, yaani matairi ya ardhi za kila aina, ambayo yalipata umaarufu baada ya kampuni ya BFGoodrich ya Marekani kuzindua tairi lake la namna hiyo mwaka 1976.

Kila kundi lina adhabu yake. Tairi la H/T likiingia kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, mitaro iliyo kati ya meno hujaa udongo na tairi hubaki laini kama kipara. Likizunguka haraka zaidi, huchimba shimo la kujizika. Dereva anayezidi kukanyaga mafuta wakati huo hujiongezea kazi ya kuchimbua.

Tairi la M/T nalo lina hatari isiyozungumzwa sana madukani. Kwa kuwa meno yake yameachana, mpira unaogusa lami ni mchache, na kwa kawaida gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama lami inapolowa. Aidha, tairi hilo ni zito, huunguruma, hula mafuta na huisha haraka kwenye lami. Anayelinunua kwa sababu linalipa gari sura ya kutisha anapaswa kukumbuka kwamba kati ya Webuye na Malaba atakutana mara nyingi zaidi na lori lililofunga breki ghafla kuliko na bwawa la matope.

Ndiyo maana kwa mwenye gari wa kawaida wa Kitale au Bungoma, tairi la A/T ndilo jibu la busara. Halishindi la H/T kwenye lami wala la M/T kwenye matope, lakini halimwachi mwenyewe hoi popote kati ya hapo. Kipimo kizuri ni kuhesabu kilomita: iwapo kati ya kila kilomita kumi, nane au tisa ni za lami na zilizobaki ni za changarawe au matope ya wastani, hakuna haja ya kwenda zaidi ya A/T. Asiyetoka mjini ila kwa sherehe za Desemba, wakati ambapo mvua nyingi imekwisha, anaweza hata kutosheka na H/T.

Lakini hesabu ya kilomita peke yake haitoshi. Gari la wagonjwa linalomshusha mama mjamzito kutoka Kopsiro au Kapsokwony hadi hospitali ya rufaa mjini Bungoma linaweza kusafiri kilomita nyingi zaidi kwenye lami, na bado kilomita tano za mwanzo zikaamua iwapo mgonjwa atafika. Kwa gari la namna hiyo, na kwa lile linalokusanya maziwa mlimani kila alfajiri, tairi la matope si anasa. Kinachohitajika ni dereva aliyefunzwa kupunguza mwendo afikapo kwenye lami iliyolowa.

Hapo ndipo serikali za kaunti zinapopaswa kuwa makini. Gari linaponunuliwa kwa pesa za umma huletwa na matairi yaliyochaguliwa na mtengenezaji, ambayo aghalabu hulenga lami. Iwapo stakabadhi za zabuni hazitaji aina ya tairi inayohitajika mahali gari litakapofanyia kazi, gari jipya hupelekwa mlimani likiwa na viatu vya mjini.

Aina ya udongo nayo ina neno. Kwenye miteremko ya Elgon upo udongo mwekundu ambao hunata ukilowa. Kwenye mashamba ya miwa yanayozunguka kiwanda cha Nzoia, matrekta huchimba makorongo marefu yanayohitaji gari lililoinuka kuliko tairi lenye meno makali. Wanaoelekea Pokot Magharibi na Turkana kupitia Kapenguria hukabiliwa na mawe na miiba. Kwao ugumu wa ubavu wa tairi una maana kuliko ukubwa wa meno, kwa kuwa ubavu ukipasuka fundi wa pancha hana la kufanya.

Baada ya kuchagua aina, mnunuzi anapaswa kusoma nambari zilizo ubavuni. Chukua mfano wa tairi lililoandikwa 265/65R17 112S. Upana wake ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu yake ni ya inchi 17. Nambari 112 ina maana kwamba tairi linaweza kubeba kilo 1,120, na herufi S kwamba halipaswi kuzidi kilomita 180 kwa saa.

Nambari ya uzito ndiyo inayopuuzwa zaidi, ilhali huku ni kwenye ghala la mahindi la taifa. Magunia kumi ya kilo 90 ni kilo 900 kabla ya dereva na abiria kuingia. Tairi la nambari 104 hubeba kilo 900 na la nambari 98 hubeba kilo 750 pekee. Anayebadilisha la 112 kwa la 98 kwa sababu ya bei hupunguza uwezo wa kila gurudumu kwa kilo 370, na athari zake huonekana pikapu inapojazwa msimu wa mavuno.

Kuna pia wanaopenda kuongeza ukubwa ili gari liinuke. Kutoka 265/65R17 hadi 265/70R17, kimo cha tairi huongezeka kwa zaidi ya asilimia tatu. Spidi mita ikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari huwa linakimbia takriban 103. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini ukubwa ukizidi hapo, tairi huanza kusugua bodi, breki hulemewa na mafuta huisha haraka.

Umri ni jambo jingine. Tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza kwa herufi DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 1418 lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2018. Baadhi ya watengenezaji, Michelin ikiwemo, hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likitimiza miaka kumi tangu litengenezwe hata kama meno yake bado ni marefu. Tairi linaloitwa jipya kwa sababu halijawahi kufungwa kwenye gari laweza kuwa limezeekea ghalani.

Isitoshe, magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne kwa wakati wote hayapendi matairi yasiyolingana. Mwenye gari anayenunua mawili mapya na kubakisha mawili yaliyokwisha huyafanya magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti, na mzigo huo huishia kwenye difu. Anayeokoa bei ya matairi mawili leo anaweza kulipia giaboksi kesho.

Jambo la mwisho halihitaji pesa nyingi, nalo ni upepo. Kupunguza upepo kiasi, kwa mfano kutoka 35 hadi 25 katika kipimo cha kawaida cha vituo vya petroli, hulifanya tairi litandazike na kushika zaidi kwenye matope. Lakini ni lazima upepo urudishwe kabla ya kuingia barabara kuu, kwa kuwa tairi lililolegea hupata joto kali na laweza kupasuka. Pampu ndogo inayotumia umeme wa gari huondoa kisingizio cha umbali wa kituo cha petroli.

Bila shaka, ushauri wote huu una gharama. Kampuni ya Sameer Africa, iliyojulikana zamani kama Firestone East Africa, ilikomesha utengenezaji wa matairi jijini Nairobi mwaka 2016 baada ya kulemewa na ushindani wa bidhaa za bei nafuu kutoka nje. Tangu hapo soko limezidi kutegemea matairi ya kuagizwa, na bei yake hupanda kila shilingi inapoyumba dhidi ya dola.

Wakati huo huo, mwenye gari amekwisha kulipia barabara. Ushuru wa ukarabati wa barabara ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya mafuta mwezi Julai 2024. Anayejaza lita 80 hutoa Sh2,000 za ushuru huo pekee. Mwaka 2025 serikali iliamua kutumia Sh7 katika kila lita kama dhamana ya mkopo wa kuwalipa wanakandarasi madeni ya zamani, huku kaunti na wabunge wakivutana mahakamani kuhusu nani anastahili kusimamia sehemu ya hazina hiyo.

Mvutano huo una maana kubwa kwa mkazi wa Cheptais au Endebess, kwa kuwa barabara zinazomkwamisha si zile kuu bali ni zile ndogo za vijijini ambazo wakubwa wanazigombania. Kadiri makaravati yanavyokosa kuzibuliwa na changarawe kukosa kumwagwa kabla ya Machi, ndivyo mwananchi anavyolazimika kununua kwa pesa zake, kupitia matairi makubwa na ya bei ghali, kile ambacho ushuru wake ulipaswa kumpa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta unajengwa na kila mwenye gari peke yake.

Tairi zuri litamvusha mwenye uwezo wa kulinunua. Mgonjwa anayebebwa kwa bodaboda na mkulima anayesubiri lori la mahindi hawana dukani wanachoweza kuchagua. Wao hutegemea barabara yenyewe.