Anayecheza Drafti Saa Tano Asubuhi Hana Kosa

Kuna hukumu inayotolewa kila siku kupitia dirisha la matatu. Gari limekwama kwenye Barabara ya Jogoo, abiria anatupa macho nje, anawaona wanaume wawili wameinamia ubao chini ya mti na wengine sita wamewazunguka, kisha anamgeukia aliyeketi naye: hawa ndio wanaoturudisha nyuma, saa tano asubuhi wako kwa drafti! Mwenzake anaguna kukubali. Waulize wote wawili wangetaka watoto wao wacheze nini wakiwa wawili nyumbani, nao watakujibu kabla hujamaliza swali: sataranji. Sataranji hukuza akili, drafti hukuza uzembe.

Sikubali hata nusu ya imani hiyo, na ninaona madhara yake yanapita dharau ya abiria mmoja. Imetufanya watu wa Eastlands tuchague michezo jinsi tunavyochagua shule, kwa kuangalia jina. Mume na mke wanaoishi Umoja wananunua ubao wa sataranji supamaketi kwa sababu unaonekana kuwa wa watu waliosoma. Mume aliyefundishwa shuleni anamshinda mkewe upesi, mara ya pili vivyo hivyo, na ubao unahamia juu ya kabati. Stima ikipotea jioni, kila mmoja anainamia simu yake hadi betri iishe. Drafti, ambayo wote wawili waliijua tangu utotoni na ambayo ingehitaji kadibodi na vifuniko vya soda tu, haipati ruhusa ya kuingia sebuleni kwa kuwa inanuka maskani.

Tuanze na hiyo saa tano, maana ndiyo ushahidi mkuu wa mashtaka. Ni nani aliye chini ya mti saa hiyo? Yumo kibarua aliyedamka alfajiri akatembea hadi lango la kiwanda Industrial Area, wakachaguliwa wachache naye akaambiwa arudi kesho. Yumo bawabu aliyekesha akilinda duka la mtu na hajapata usingizi. Yumo konda ambaye gari lake limeegeshwa hadi abiria wa jioni waanze kumiminika, na mwendeshaji wa bodaboda ambaye sikio moja liko kwenye mchezo na la pili linasikiliza kama kuna anayemwita. Fundi wa viatu ana kibanda chake hatua tatu kutoka hapo. Sehemu kubwa ya kazi za Eastlands ni kusubiri kazi, na aliyebuni mchezo wa kusubiria hangeweza kupata bora kuliko drafti. Mchezo mmoja huisha upesi. Mteja akija katikati, unainuka, unamkabidhi mwenzako kete zako, unaenda kupata shilingi zako mia mbili, unarudi. Hakuna kilichoharibika.

Isitoshe, wanaonekana kwa sababu hawana pa kujificha. Mitaa ya zamani ya halmashauri kama Shauri Moyo, Ziwani na Bahati ilijengwa na serikali ya kikoloni kwa fikra kwamba Mwafrika yupo Nairobi kufanya kazi tu, familia yake imebaki mashambani. Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940 kwa nguvu za wafungwa wa vita wa Kiitaliano, ulikusudiwa familia na bado vyumba vyake ni vya kuhesabu. Leo ploti za Kayole na Dandora zimepanda ghorofa juu ya ghorofa, lakini anayepanga humo mara nyingi anapanga chumba kimoja: kitanda, jiko la gesi, pazia, watoto. Meza ya wageni wawili itakaa wapi? Kwa hiyo mchezo unatoka nje. Karani wa Upper Hill anayecheza sataranji kwa simu chini ya dawati saa hiyohiyo ya tano, tena akilipwa mshahara, hatazamwi na matatu yoyote.

Sheria nayo imechangia kuuchafua mchezo huu. Kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kwa miaka mingi kimemweka anayecheza mchezo wa bahati kwa pesa mahali pa umma katika kundi la wazembe na wavurugaji, pamoja na wafanyao mambo machafu hadharani. Drafti haina bahati hata chembe. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa, kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote. Ila macho ya askari na ya jirani hayatenganishi. Duara la wanaume kando ya njia ni duara la wanaume tu, wawe wanacheza drafti au wanaliwa pesa zao kwenye pata potea. Na kijana yuleyule akikaa peke yake akabashiri mechi za Uingereza kwa simu, akapoteza kodi ya nyumba, hakuna dirisha la matatu linalomhukumu.

Sasa hoja ya akili. Mwaka 2016 Education Endowment Foundation ya Uingereza ilitoa matokeo ya jaribio lililohusisha shule za msingi 100. Baadhi zilifundisha wanafunzi sataranji kwa muhula mzima na zaidi, nyingine hazikufundisha. Mwaka mmoja baada ya masomo hayo kwisha, waliofundishwa hawakuwa wamewapita wenzao katika hesabu. Walichojifunza ni sataranji. Hilo halitoshi? Mbona mchezo mzuri lazima utafutiwe kisingizio cha mtihani?

Wanaoidharau drafti wanapenda kutaja kwamba kompyuta imeshaimaliza. Ni kweli, kwa aina moja yake. Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alianza kazi hiyo mwaka 1989, na mwaka 2007 yeye na wenzake wakatangaza kwamba drafti ya Kiingereza ya miraba 64 ikichezwa bila kosa upande wowote huishia sare. Ilibidi wapambane na mchezo wenye mipangilio ipatayo bilioni 500 mara bilioni, na ilichukua miaka 18. Sijui ni mzee gani wa Makongeni anayebeba hesabu hiyo kichwani akiketi kucheza na shemeji yake. Wala dharau hii haikuwahi kukubaliwa na kila msomi. Edgar Allan Poe, katika hadithi yake ya upelelezi ya mwaka 1841, The Murders in the Rue Morgue, alifungua kwa kudai kwamba drafti huitumikisha akili inayotafakari kuliko sataranji, kwa kuwa katika sataranji aliye makini tu asiyesahau kitu humshinda aliye na akili zaidi. Poe alikuwa mchokozi, na simfuati hadi mwisho. Lakini fikiria Baba Sy wa Senegal, aliyewatetemesha Wazungu katika drafti ya miraba 100 miaka ya 1950 na 1960, ambaye shirikisho la dunia lilimtambua rasmi kuwa bingwa wa mwaka 1963 ilipofika 1986, miaka minane baada ya kufa kwake. Je, mtoto wa Jericho amewahi kusikia jina hilo?

Amesikia la Phiona Mutesi, na ni vizuri. Msichana wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende, akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji nchini Urusi mwaka 2010, na filamu yake ya 2016 ikamweka Lupita Nyong'o wetu katika nafasi ya mama yake. Sina neno na Phiona. Neno langu ni kwa wanaokuja mitaani na maboksi ya sataranji wakiwa na filamu hiyo kichwani, wakiamini kwamba mchezo una thamani pale tu unapomtoa mtoto mtaani. Mamia ya wengine watakaobaki hapo, wakue, wazae na wazeekee hapo, wanahitaji mchezo wa kuwapendeza wakiwa hapohapo.

Basi mtu achague vipi mchezo wa watu wawili? Amtazame aliye mbele yake kabla ya kuutazama ubao. Je, anayeshindwa anataka turudie? Hilo kwangu ndilo swali la kwanza na karibu la mwisho, na michezo mingi tunayoitukuza inashindwa hapo.

Chukua kadi, ile poka yetu ambayo haina uhusiano na poka ya kasino, mchezo unaopendwa pengine kuliko wowote Nairobi. Ikiwa na watu wanne au watano ni raha tupu. Unaweka mbili, jirani anaokota. Unarusha J, wa pili anapitwa. K inageuza mkondo, na yule aliyekuwa anangoja kukumaliza anajikuta wa mwisho. Unatangaza "niko kadi" na chumba kizima kinakugeukia kukuzuia. Sasa icheze na mtu mmoja. J inamruka mpinzani, zamu inarudi kwako. K inageuza mkondo, zamu inarudi kwako. Karata mbili zilizokuwa na tabia tofauti zimekuwa kitu kimoja, na mwenye bahati ya kuzipata tatu mkononi anacheza peke yake huku mwenzake akitazama. Huo ni mchezo wa kundi, na wapenzi wawili wanaoulazimisha uwe wa wawili wasishangae wakichoka.

Ludo haina afadhali: dadu ndiyo inayocheza, ninyi mnasukuma. Monopoly kwa wawili ni adhabu. Anayetangulia kupata mitaa mizuri anamkamua mwenzake kwa saa nzima kabla ya kumruhusu afe. Elizabeth Magie, Mmarekani aliyepata hataza ya mchezo ulioizaa Monopoly mwaka 1904, alikusudia kuonyesha jinsi kodi za nyumba zinavyowafukarisha wapangaji. Eastlands hatuhitaji ubao kufundishwa hilo, tarehe tano ya kila mwezi inatosha. Scrabble ni mchezo safi wa wawili, ila seti ya Kiingereza ina K moja tu. Jaribu kuandika Kiswahili kwa K moja.

Bao ni habari nyingine. Mashimo 32, kete 64, na mchezaji hodari wa Unguja anaona mizunguko kadhaa mbele huku akipiga soga. Ningependa lichezwe zaidi huku kwetu, kama wazee wa Kijaluo wanavyocheza ajua. Lakini bao la Kiswahili huchukua muda kulishika na ubao wake si rahisi kuupata, na anayelijua vizuri hana njia nyepesi ya kumlegezea anayejifunza. Natambua pia unafiki wetu hapa. Mwalimu Nyerere akicheza bao, tunasema ni utamaduni. Kijana wa Kayole akicheza drafti chini ya mti uleule, tunasema hana kazi.

Drafti inampa nafasi asiyejua. Kanuni zake anazipata kwa kutazama tu. Aliye hodari anaweza kuanza na kete kumi badala ya kumi na mbili, na mchezo ukabaki mchezo. Aliyeshindwa hana muda wa kununa, maana vifuniko vinapangwa tena mara moja, vya huyu vimeangalia juu, vya yule vimefunikwa. Maskani ina kanuni yake ya ziada, aliyeshindwa huinuka na kumpisha anayengoja, na hapo ndipo vichekesho vinapozaliwa: wachezaji wawili, makocha kumi, kila mmoja ameona hatua ambayo wewe hujaiona, na yule anayepiga kelele kuliko wote ndiye aliyeinuliwa dakika mbili zilizopita. Mcheza sataranji huomba kimya. Drafti ya Burma sokoni ingekufa kwa kimya.

Kuna shtaka moja dhidi ya maskani ninalolikubali, na si uzembe. Ni nadra kumwona mwanamke kwenye ubao ule. Si kwamba hajui; wengi walicheza na kaka zao wakiwa wadogo na kuwachapa. Lakini msichana akifika umri fulani anaambiwa pale ni pa wanaume, na mama mboga ambaye kibanda chake kinatazamana na ubao huo mwaka baada ya mwaka, naye akisubiri wateja vilevile, hajawahi kukaribishwa kiti. Wanaume wanaolalamika kwamba wanadharauliwa wangeanza kwa kusogea kidogo. Na ndiyo sababu nataka drafti iingie ndani ya nyumba, mezani, kitandani ikibidi, kati ya mke na mume, kati ya shangazi na mpwa wake.

Kwa wanaoanza wikendi hii: kadibodi ya boksi la unga, rula, kalamu ya wino mzito, vifuniko 24. Kabla ya kete ya kwanza kusogezwa, afikianeni kuhusu mambo mawili, kwa sababu aliyekulia Makadara na aliyekulia Dandora huenda hawakufundishwa sawa. Kingi ataruka mbali kiasi gani? Na asiyeona kete ya kula, atalazimishwa aile au atanyang'anywa yake? Andikeni jibu nyuma ya kadibodi, mtie sahihi wote wawili, maana mmoja wenu atakuja kukana.