Tumeifukuza Ngoma, Tukamkaribisha Dijei



Siku hizi ukialikwa harusini hapa Unguja unajua utakachokikuta: ukumbi, maspika makubwa kama makabati, dijei mwanamme, na simu zimenyanyuliwa juu kila upande. Bi harusi anacheza, na kabla hajafika kwa mumewe video yake imeshafika Muscat. Hakuna anayesema kitu. Lakini thubutu kusema unataka ngoma ya wanawake uani kwenu. Hapo utaambiwa haramu, ushamba, mambo ya kizamani.

Sisi tunasema tumefukuza kisichostahiki kufukuzwa.

Kiswahili chenyewe kinatufundisha. Chombo tunakiita ngoma, mchezo tunauita ngoma, na shughuli nzima ni ngoma. Twapiga ngoma, twacheza ngoma, twenda ngomani. Wazee hawakukosa maneno. Kwao ni kitu kimoja. Mpigaji anaangalia miguu na kiuno cha mchezaji, mchezaji anasikiliza mkono wa mpigaji. Mwari akichoka pigo linapoa, akichangamka linapanda. Nyimbo ya kwenye spika haimuoni mtu, inakwenda tu.

Katika unyago jambo hili lilikuwa darasa. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini wanawake wa hapa walimjua pia kwa msondo, ile ngoma ndefu ya unyago. Wapigaji wanawake, wachezaji wanawake, mlango umefungwa. Mwari alifunzwa usafi wake, hedhi na kuishi na mume, mambo ambayo mama anaona haya kumwambia mwanawe. Aliyaimba, akayacheza, yakamkaa. Leo anayatafuta kwenye simu, peke yake.

Mtatuuliza: na dini? Basi tuirudie dini. Katika Sahihi ya Bukhari, Rubayyi' bint Mu'awwidh anasimulia kuwa Mtume (S.A.W.) aliingia kwake asubuhi ya harusi yake, na wasichana walikuwa wakipiga dufu na kuwataja wazee wao waliouawa Badr. Mmoja akaimba kuwa miongoni mwao yuko Nabii anayejua ya kesho. Mtume akamkataza neno hilo, akamwambia aendelee na aliyokuwa akiyasema kabla. Neno lilisahihishwa, dufu likaendelea kupigwa.

Nasi tufanye hivyo. Hatusemi kila kilichokuwamo unyagoni ni sawa. Maneno machafu yaondoke, na chochote chenye ushirikina kiondoke. Wapo wanavyuoni wasioruhusu chombo zaidi ya dufu. Anayefuata kauli hiyo ashike dufu lake kwa roho safi, tutamuitikia. Lakini asiikatae ngoma ya uani kwa jina la dini, halafu akamlipa dijei.

Bi harusi mtarajiwa, kabla hujatoa arubuni ya ukumbi, kaa na somo wako. Muulize bibi yako ni nani mtaani bado anajua kupiga. Wamebaki wachache, na mikono yao inazeeka. Simu ziwekwe kwenye kikapu mlangoni, wanaume wabaki nje, na mlango ufungwe kama ulivyokuwa ukifungwa.

Na ukimpata mpigaji, usiende peke yako. Mchukue na mdogo wako akajifunze mkono.