KIINGILIO BURE, NGAZI TATU: Mama wa Tabata na Skuta Yake Wamewaumbua Wabongo

Klipu yenyewe ina sekunde kama arobaini tu. Inaonyesha vijana wanne wa Tabata wamembeba mama mmoja (jina kapuni) juu juu, wanampandisha ngazi za kiwanja kimoja cha michezo ya watoto (nacho jina kapuni). Watu wanapiga makofi, na kuna mmoja anasikika kabisa akisema, "Wanaume hao!" Kwenye magrupu ya WhatsApp klipu imepokelewa kwa makopakopa na dua. "Mungu awabariki hao vijana." "Bongo bado utu upo." Kila mtu kafurahi.

Kasoro mtu mmoja. Yule aliyebebwa.

Ishu ni kwamba klipu inaanza katikati na kukatika mapema. Waliokuwepo siku hiyo wana stori ndefu zaidi, na hiyo stori haina makofi.

Mama huyo anakaa Kimanga na anauza vitenge mtandaoni. Miguu yake ilikosa nguvu baada ya ajali ya bodaboda miaka kadhaa iliyopita. Alianza na baiskeli ya kuendesha kwa mikono, ile ya magurudumu matatu ambayo kila mtu Dar anaijua, mpaka ndugu yake aliyeko Uingereza akamtumia skuta ya umeme. Siyo zile skuta za kusimama wanazochezea watoto wa kishua. Hii ina kiti, usukani na kikapu mbele, wazee wa Ulaya wanaendea nayo sokoni. Tangu ifike, mama anakata mitaa mwenyewe: sokoni, shuleni kwa mtoto, kwa fundi cherehani. Watoto wa mtaani wameibatiza "Prado".

Sasa mwanaye alikuwa anatimiza miaka 7. Wenzake darasani walishamwambia kwamba kuna sehemu hapo hapo Tabata ina treni ndogo, bembea za kuzunguka na bwawa la watoto. Akaomba. Mama akaahidi. Usiku akaichaji Prado huku akiomba umeme usikatike, asubuhi mtoto akakaa mapajani, safari ikaanza. Wanaoijua Tabata wanajua hiyo siyo safari ndogo. Bodaboda wanapiga honi nyuma, daladala za Segerea zinachomekea mbele, pembeni kuna mtaro ambao mifuniko mingine ilishaondoka. Lakini walifika, mtoto akiwa na shati jipya.

Getini wakamkuta mlinzi wa makamo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe hapa hulipi, pita bure kabisa. Mlipie mtoto tu."

"Asante baba. Sasa nitapitia wapi?"

Mlinzi akageuka kuangalia nyuma yake kana kwamba ndio kwanza anaziona. Ngazi tatu za saruji, zimepakwa rangi nyekundu, zimeng'arishwa. Hakuna njia nyingine.

Hapo ndipo vijana wakatokea. Na ukweli usemwe, hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Mmoja akashika makwapa, wengine wakashika miguu, "moja, mbili, tatu!", gauni likapanda juu ya magoti, simu zikatoka. Waliokuwa karibu wanasema mama alisema mara mbili, "Naombeni mnishushe kwanza." Kwenye klipu sauti hiyo haisikiki kwa sababu ya makofi.

Prado ikabaki chini kwa mlinzi. Ina betri, ni nzito, hakuna aliyetaka kuibeba. Mama akawekwa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya banda la chipsi. Fikiria hapo: mtu aliyejiendesha mwenyewe kutoka Kimanga, sasa hawezi kusogea hata hatua moja bila kuita wanaume wanne. Treni iko upande wa pili wa ukuta, haioni. Choo nacho kina ngazi yake. Amekaa anaangalia watu wakikaanga mayai.

Baada ya dakika kama ishirini mtoto akarudi na tiketi tano mkononi, nzima.

"Mama, mi sitaki treni. Twende tu nyumbani."

Mtoto aliyelilia treni tangu mwaka unaanza. Hakuwa amechoka wala hakuwa anaumwa. Alikuwa ameangalia jinsi mama yake alivyopandishwa, akapiga hesabu zake za darasa la kwanza, akaona treni ina bei kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye ubao. Akaamua kudanganya ili mama yake asizidi kuumia.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo klipu haina. Na ndiyo inayofanya yale makofi yawe na ukakasi.

Wabongo ni watu wa huruma, hilo halina ubishi. Gari likikwama kwenye tope, watu kumi wanashuka kusukuma bila kuuliza dereva ni nani. Tatizo ni pale huruma inapogeuka kuwa mbadala wa saruji. Mwenye kiwanja akijua vijana wa kubeba watakuwepo siku zote, kwa nini ahangaike kujenga rampu? Kila siku mtu atabebwa, kila siku watu watapiga makofi, na ngazi zitabaki pale pale zikipakwa rangi kila sikukuu.

Halafu hii habari ya "bure". Inasikika vizuri, ila bure ya mlango usiopitika ni sawa na kualikwa harusini halafu ukumbi usiambiwe upo wapi. Huko San Antonio, Texas, kuna bustani ya michezo inaitwa Morgan's Wonderland, ilifunguliwa mwaka 2010. Aliyeianzisha, Gordon Hartman, alimwona binti yake Morgan, mwenye ulemavu, akijaribu kucheza na watoto wengine kwenye bwawa la kuogelea, na wale watoto wakaondoka. Akajenga sehemu ambayo kiti cha magurudumu kinaingia mpaka kwenye bembea. Pale pia wenye ulemavu hawalipi kiingilio. Tofauti ni kwamba wakishapita getini, kila kitu kiko wazi kwao. Mwaka 2017 wakaongeza hadi bustani ya maji, yenye viti vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa ili maji yasiharibu betri.

Kuna watakaosema, "Hiyo ni Marekani bwana, wana hela." Sawa. Basi tusifike mbali, twende Barabara ya Morogoro. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016, sakafu ya kituo ilijengwa usawa mmoja na sakafu ya basi. Hakuna anayeita ile huduma ya walemavu. Mjamzito anapita, bibi mwenye mkongojo anapita, muuza nguo na furushi lake la Kariakoo anapita. Foleni na msongamano ni malalamiko mengine, lakini ngazi siyo tatizo pale. Kumbe Dar inaweza ikiamua.

Kwenye komenti za klipu hoja kubwa zilikuwa tatu, na zote zinajibika.

Ya kwanza: "Biashara ndogo, atatoa wapi hela ya rampu?" Haya, hesabu. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, kwa hiyo rampu inahitaji urefu wa mita 5.4. Ni saruji, mchanga, kokoto, nondo kidogo na fundi wa mtaani. Kiwanja hicho hicho kina jukwaa la DJ la zege. Jukwaa lilipatiwa hela.

Ya pili: "Si angemtuma shangazi yake ampeleke mtoto?" Anayesema hivi hajawahi kumpeleka mtoto kwenye bembea. Mzazi pale haendi kupanda treni. Anaenda kusimama kwenye uzio, kashika kandambili za mtoto na soda iliyobaki nusu, ili treni ikipita mtoto apunge mkono na kuna mtu wa kumpungia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Shangazi anaweza kushika kandambili, lakini kwenye uzio yule mtoto alikuwa anamtafuta mama yake.

Ya tatu: "Wako wangapi kwani?" Wengi kuliko watu wanavyodhani. Sensa ya 2022 ilionyesha kama asilimia 11 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Karibu mtu mmoja kati ya tisa. Siyo wote wanatumia magurudumu, lakini kama hawaonekani kwenye viwanja vya starehe, jibu lipo pale mlangoni. Halafu wakikosekana, mwenye kiwanja anasema hawana haja ya kuja.

Na hili siyo suala la kuombana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, ambayo inagusa mpaka majengo na huduma za umma kufikika. Kwa hiyo ile rampu haikuwa zawadi ya mwenye kiwanja kwa mama wa Kimanga. Ilikuwa deni.

Wakati deni likisubiri kulipwa, kuna mambo matatu hayahitaji hata fundi. Moja, sehemu ziache kuposti bembea tu kwenye Instagram, ziposti na mlango: ngazi ngapi, geti lina upana gani, choo kikoje. Mtu ajue kabla hajachaji skuta. Mbili, mtu mwenye ulemavu akifika, aulizwe "nikusaidieje?" kabla ya kushikwa. Akisema mshusheni, ashushwe. Tatu, simu zibaki mfukoni. Aliyebebwa hakukubali kuwa maudhui ya mtu.

Vijana wale wanne wasitukanwe. Walifanya walichokijua, na pengine kesho wakiitwa kusomba mchanga wa rampu watakuja hao hao. Ila nguvu zao zingetumika siku moja kumwaga zege, wasingehitajika tena kumbeba mtu. Hizo ndizo nguvu za kupigiwa makofi.

Mama na mwanaye walirudi Kimanga mchana ule ule, Prado ikiwa bado na chaji ya kutosha. Tiketi tano hazijatumika.

Sasa swali liende kwa kila mdau mwenye duka, saluni, baa, ukumbi au kiwanja: kabla hujaweka kopa kwenye ile klipu, mlangoni kwako kuna ngazi ngapi? Zihesabu, halafu dondosha idadi kwenye komenti hapo chini.