Mgema Asipohakikiwa: Haja ya Lugha ya Kuonja Pombe

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na kila tulipoulizwa maana yake tulijibu kwamba ni onyo kwa mtu avimbaye kichwa kwa sifa. Jawabu hilo ni sahihi. Hata hivyo, ni nadra kwa mwanafunzi au mhadhiri kuuliza swali linalotangulia: ni nani aliyekuwa akimsifu mgema huyo, na alimsifu kwa maneno gani? Ili tembo lisifiwe, sharti awepo mtu aliyelionja, akalilinganisha na la jana na la mgema wa jirani, kisha akatoa hukumu mbele ya wenzake. Na ili ijulikane kuwa limetiwa maji, sharti uwepo ulimi uliozoea kutambua upungufu. Waama, methali hii ni ushahidi kwamba Waswahili walikuwa na uhakiki wa vinywaji muda mrefu kabla ya idara zetu kuwa na uhakiki wa riwaya.

Katika makala haya nakusudia kutetea rai moja. Kiswahili kinahitaji lugha kamili ya kuonja na kupima vinywaji vya kuchachushwa, na lugha hiyo haitapatikana kwa kutafsiri majedwali ya wageni. Itapatikana kwa kuikusanya vinywani mwa wapikaji na wanywaji wetu, kabla hawajatutoka. Nakiri mapema kwamba mimi si mtaalamu wa sayansi ya vyakula wala si mfanyabiashara wa vileo. Ni mwonjaji wa kujifurahisha tu, mwenye daftari dogo na kalamu.

Daftari hilo nililianza jijini Nairobi. Katika muongo wa 2010 na baada yake, viwanda vidogo vya bia vilichipuka nchini, mathalani Bateleur na 254, vikitengeneza bia kwa mapipa machache badala ya bahari nzima ya kiwanda kikuu. Mimi na wenzangu wawili tulizoea kuchanga fedha mwisho wa mwezi, tukanunua chupa moja moja, tukagawana katika bilauri ndogo na kuandika alama. Tulitumia mizani ya Wamarekani. Chama chao cha kuwaidhinisha waamuzi wa bia, kilichoanzishwa mwaka wa 1985, hugawa alama 50 hivi: harufu 12, sura 3, ladha 20, jinsi kinywaji kinavyohisika kinywani 5, na maoni ya jumla 10. Tulimsoma pia Mwingereza Michael Jackson (si yule mwimbaji), ambaye kitabu chake cha mwaka wa 1977 kiliwafunza wengi kuziainisha bia za dunia kwa mitindo. Tulijiona tumehitimu. Ila jambo moja lilinikera: kila nilipofungua daftari, kalamu yangu iliandika Kiingereza. Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, sikuweza kuandika sentensi mbili za Kiswahili kuhusu kitu nilichokuwa nacho ulimini.

Disemba moja nilirudi nyumbani, Ekerenyo, katika kaunti ya Nyamira, nikiwa na daftari lile lile. Kulikuwa na shughuli ya ukoo, na nyanya yangu, ambaye kwa Ekegusii twamwita magokoro, alikuwa amepika amarwa. Ndugu msomaji ambaye hajawahi kuiona kazi hiyo, tafadhali nivumilie kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Wimbi hulowekwa, likaachwa lichipue, likakaushwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Unga wa mahindi nao hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati pana mpaka ugeuke rangi ya kahawia na kunukia. Baadaye vitu hivi viwili hukutanishwa kwa maji na kuachwa siku mbili tatu viumuke. Kwingineko magharibi mwa Kenya pombe ya namna hii huitwa busaa, na inaweza kuchujwa ikanywewa kikombeni. Wazee wa kwetu waliizoea chunguni, wakiizunguka kwa mirija mirefu huku maji moto yakiongezwa kila ilipopungua.

Nilipopewa mrija nilionja, nikafungua daftari, nikakokotoa. Sura: nikapunguza alama kwa kuwa pombe ilikuwa nzito na haikupenya mwanga. Ladha: nikapunguza kwa sababu ya uchachu. Uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia ya chupa uchungu wake, haukuwapo kabisa, nikapunguza tena. Jumla ikawa 31 kwa 50. Kwa ujinga wa ujana nikaisoma kwa sauti. Magokoro hakukasirika. Alicheka, kisha akaniuliza kwa Ekegusii swali ambalo nalitafsiri hivi: "Mjukuu wangu, umeipima kwa gorogoro ya nani?"

Mzee mmoja aliyeketi karibu nami aliona haya kwa niaba yangu, akanifundisha. Alinieleza kwamba uchachu si ila; pombe ya wimbi isiyochachuka ni uji. Ila ni uchachu uliotangulia mbele na kuziacha ladha nyingine nyuma. Akaitofautisha pombe iliyolala, ambayo haijaumuka, na iliyoamka. Iliyosimama, yaani imefika kilele chake, na iliyovuka, ambayo kesho yake itafaa kumwagwa. Akaniambia nitafute harufu ya unga ulioungua kwenye bati, kwa kuwa hiyo ndiyo aibu ya mpikaji mwenye haraka, na nitafute pia ukakasi wa kimea kilichokaushwa vibaya. Mwisho akanitaka nionje tena baada ya maji moto kuongezwa mara ya tatu, maana pombe hafifu hufa kwa maji ya kwanza ilhali pombe njema huendelea kusema. Kwa muda usiozidi robo saa nilikuwa nimepewa mfumo mzima wa uhakiki, wenye vigezo, daraja na istilahi, na sikuwa na nafasi ya kuuandika kwenye jedwali langu la alama 50.

Hapana budi nieleweke. Sidai kwamba mizani ya wageni ni mbaya. Dosari ni kuidhania kuwa mizani ya ulimwengu mzima. Tazama mfano huu. Kule Ubelgiji, katika bonde la mto Senne karibu na Brussels, wapo watengenezaji wa bia iitwayo lambic. Huacha mchuzi wa nafaka wazi usiku ili uingiwe na hamira na bakteria wa hewani, kisha huungoja katika mapipa, pengine miaka mitatu. Bia hiyo ni chachu hasa, na mashabiki duniani huinunua kwa bei ghali. Mwaka wa 2016 shirika la UNESCO liliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa wanadamu. Bakteria wa asidi ya laktiki ni miongoni mwa wale wanaoleta uchachu wa lambic, na ndio hao hao wanaoleta uchachu wa pombe ya magokoro. Mwonjaji wetu wa Nairobi huusifu wa kwanza na kuukunjia uso wa pili. Tofauti haimo katika ulimi wake. Uchachu wa Ubelgiji umeandikiwa vitabu, nao wa Ekerenyo umeandikiwa hati za mashtaka.

Je, Kiswahili kina maneno ya kutosha? Nathubutu kusema kwamba tunayo mengi tusiyoyatumia. Tuna uchachu na tuna ugwadu, na mtu aliyewahi kula embe bichi ajua kuwa haya si mamoja. Tuna ukakasi, ambao Waingereza huutafutia neno refu la Kilatini. Tuna kimea, hamira, povu, machicha. Tuna kitenzi kuumuka na kitenzi kuchacha, kimoja kikieleza uhai wa kinywaji na kingine uharibifu wake. Tuna majina pia: mnazi wa Pwani, dengelua ya miwa, mbege ya ndizi na wimbi ya Wachaga, rubisi ya Wahaya, ulanzi wa mianzi kule Iringa, na muratina ya Wagikuyu inayochachushwa kwa tunda la mwegea. Lakini aghalabu kamusi zetu hukitaja kinywaji na malighafi yake, kisha zikanyamaza. Hazituelezi mbege njema hutambulikaje, wala mnazi wa asubuhi hutofautianaje na wa jioni. Maarifa hayo yamo katika ndimi za watu, na ndimi hizo huzeeka.

Najua pingamizi litakalotolewa, tena linatoka nyumbani kwetu wenyewe. Ekerenyo na sehemu kubwa ya Nyamira ni ngome ya Waadventista Wasabato, ambao hawanywi kileo. Shangazi zangu wote ni waumini. Hakuna hata mmoja aliyerithi ufundi wa mama yao, nami siwalaumu. Wamewaona wanaume walioacha mashamba ya chai yakawa magugu kwa sababu ya chupa. Yupo pia mhadhiri atakayeuliza iwapo jarida la wasomi lina haki ya kuwafundisha vijana kunywa. Namjibu kwa heshima kwamba mwonjaji halisi hunywa kidogo kuliko watu wote mezani, kwa kuwa aliyelewa hawezi kutofautisha ukakasi na uchungu. Fauka ya hayo, lugha ninayoitetea haiwahusu wanywaji peke yao. Shangazi zangu huchachusha uji wa wimbi na hugandisha maziwa, yale tuyaitayo amabere amaruranu, nao hubishana kwa ukali kuhusu mtindi uliofika na usiofika. Msamiati ni ule ule. Asiyegusa pombe aweza kuukusanya bila kuvunja imani yake.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Mwaka wa 1980 sheria ilipiga marufuku chang'aa nchini Kenya. Sheria ya mwaka wa 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, iliondoa marufuku hiyo na kuweka masharti ya leseni, viwango na ufungaji. Hata baada ya hapo, mnamo Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa na wengine wakapofuka kwa vileo vilivyotiwa methanoli, na Februari 2024 vifo vingine vikatokea Kirinyaga. Nisidanganye hapa: ulimi hauwezi kuitambua methanoli, na hakuna mwonjaji, awe wa Brussels au wa Ekerenyo, anayeweza kuiepuka kwa ustadi wa kuonja. Kinachomlinda mnywaji ni kumjua mpikaji na mpikaji kujua kuwa atahukumiwa. Magokoro alinywa wa kwanza mbele ya wageni wake, kisha akaketi kusikiliza watakavyosema. Misako inapomwaga chungu cha wimbi na pipa la sumu katika mtaro mmoja kana kwamba ni kitu kimoja, na sisi wasomi tukakosa maneno ya kuvitenganisha, mnywaji hubaki na kigezo kimoja tu: kipi kinalevya upesi kwa shilingi chache. Kigezo hicho ndicho kinachoua.

Kwa hivyo napendekeza kazi inayoweza kuanza likizo ijayo. Kila mwanachama wa chama chetu arudi kwao na akusanye maneno ishirini ya ladha, harufu na hali za vinywaji na vyakula vya kuchachushwa, kwa Kiswahili cha kwao au kwa lugha ya mama pamoja na maelezo. Wahadhiri wetu wa leksikografia wayakubali makusanyo hayo kuwa kazi halali ya utafiti, na jarida hili litenge kurasa za kuyachapisha. Haya hayahitaji ufadhili. Yanahitaji daftari, na adabu ya kuuliza kabla ya kutoa alama.

Mimi nimeshaanza. Likizo iliyopita magokoro hakupika. Mikono yake haiwezi tena kugeuza unga juu ya bati. Tuliketi na bakuli la uji uliochachuka, akaonja, akafumba macho, akanitajia maneno saba. La nane lilimponyoka. Aliniambia nirudi, huenda akalikumbuka.