Kompyuta Haijui Tajwidi



 Nimeona mwaka huu tuzungumze jambo linalowagusa vijana wetu wengi, nalo ni kurekodi qaswida na usomaji wa Qur'ani nyumbani kwa kutumia kompyuta.

Siku hizi kila kikundi cha qaswida kinatamani kurekodi, na tamaa hiyo si mbaya. Zamani lilikuwa jambo la wachache. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar na wenzake walisafiri baharini mpaka Bombay, India, ndipo sauti zao zikaingizwa kwenye santuri. Leo mwanafunzi wa Rusimbi anaweza kurekodi chumbani kwao kwa laptopu ya zamani, maikrofoni ya kawaida na programu ya bure kama Audacity. Programu hiyo ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa watu mwaka 2000, na hadi leo haiuzwi.

Hata hivyo, urahisi huu umekuja na mtihani wake. Programu za sauti zina vifaa vingi vya kupamba. Kipo cha kuongeza mwangwi, kipo cha kuinyoosha sauti iliyopinda, kipo cha kukata pumzi na kipo cha kufuta makelele. Kijana akivikuta, huvitumia vyote kwa pamoja, kisha anasema rekodi imetoka safi. Maoni yangu ni haya: kompyuta tuitumie kunasa sauti, tusiitumie kuficha makosa ya usomaji. Kwa sababu kompyuta, pamoja na uhodari wake wote, haijui tajwidi.

Tukumbuke kwa nini usomaji ulirekodiwa hapo awali. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi Qur'ani nzima kwa murattal, na rekodi hiyo ikaanza kusambazwa mwaka 1961. Aliyetoa wazo hilo alikuwa Labib al-Said, naye alitaka usomaji sahihi uhifadhiwe kwa sauti, kama vile maandishi yalivyohifadhiwa katika msahafu. Yaani rekodi iliwekwa iwe mizani ya kupimia usomaji. Sasa ikiwa sisi tunarekodi ili kosa lisisikike, tumeigeuza kazi yenyewe juu chini.

Hebu tuangalie matatizo ambayo vijana hukutana nayo, na tuone namna ya kuyatatua bila kuharibu usomaji.

Kwanza ni makelele ya mahali. Wengi hutafuta dawa yake ndani ya programu, na ilhali dawa iko nyumbani. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa bati, na mvua ikinyesha ni vigumu programu kulitenganisha bati na sauti ya msomaji. Basi kazi kubwa ya kurekodi ifanyike kiangazi, au siku isiyo na mvua. Chagua chumba chenye godoro, mapazia na nguo nyingi, kwani vitu laini humeza mwangwi. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji huirudisha sauti mara mbili mbili. Zima feni. Simu iwekwe chumba kingine. Saa za baada ya Isha au kabla ya Alfajiri ndizo zenye utulivu, maana bodaboda zimepungua na watoto wamelala.

Pili ni sauti kupasuka. Hili hutokea pale msomaji anapopaza sauti na kipimo cha programu kikagonga alama ya sifuri. Sauti iliyopasuka ni vigumu kuitengeneza. Hata ukiipunguza baadaye, utakuwa umepunguza ukali wake tu, mpasuko utabaki. Kabla ya kuanza, msomaji asome mahali anapopaza sauti zaidi kuliko pote, nawe uirekebishe maikrofoni mpaka vilele vya mawimbi viishie kati ya desibeli 12 na desibeli 6 chini ya sifuri. Maikrofoni ikae umbali wa shubiri moja au zaidi kidogo, pembeni kidogo ya mdomo, ili pumzi ya herufi ya be isiipige moja kwa moja. Kama kikundi kinatumia dufu, mpigaji arudi nyuma hatua kadhaa. Kuhusu hukumu ya ala, waulizwe walimu. Makala haya si mahali pa fatwa.

Tatu ni mvumo wa umeme. Umeme wetu wa Tanzania ni wa hezi 50, na waya mbovu au chaja hafifu huufanya usikike kama nyuki nyuma ya sauti. Jaribu jambo moja rahisi: chomoa chaja, urekodi kwa betri. Mvumo ukiondoka, umemjua mwizi. Kwa wanaotumia kompyuta ya mezani, umeme ukikatika katikati ya kazi msikate tamaa. Washa tena na ufungue Audacity, nayo kwa kawaida hukuuliza kama irudishe kazi ambayo haikuhifadhiwa. Mkubalie, kisha uhifadhi hapo hapo.

Nne ni maikrofoni kuwa bubu. Unabonyeza kitufe chekundu, mstari unakwenda lakini hauna mawimbi. Mara nyingi si ubovu. Tazama kwanza kama programu imechagua maikrofoni uliyochomeka au ile ndogo ya ndani ya laptopu. Kisha ingia katika mipangilio ya Windows, uone kama programu zimeruhusiwa kutumia maikrofoni. Baada ya hapo chomoa na uchomeke upya kabla ya kufungua programu, kwani huenda haikuiona ilipofunguka.

Tano ni sauti ya pili kuchelewa. Kikundi kikirekodi kiitikio juu ya sauti ya kiongozi, mara nyingi kiitikio hutokea nyuma kidogo ingawa waimbaji walikwenda sawa. Waimbaji hawana kosa. Kompyuta inachukua muda kuipokea sauti na kuiandika. Piga kofi moja mwanzoni mwa kila mstari wa sauti, kisha uusogeze mstari wa pili mpaka makofi mawili yakutane. Na wote wanaosikiliza wavae hedifoni, la sivyo sauti ya spika itaingia tena kwenye maikrofoni.

Hayo matano ni ya ufundi. Sasa nije kwenye yale yanayogusa dini moja kwa moja, na hapa ninaomba wanafunzi wa tajwidi wanisikilize kwa makini.

Kifaa cha kufuta makelele hufanya kazi hivi. Unakionyesha sekunde chache za ukimya wa chumba, kinajifunza yale makelele, kisha kinayapunguza katika rekodi nzima. Ni kifaa kizuri, lakini hakijui tofauti ya mchakato wa feni na herufi. Tumefundishwa kuwa zipo herufi kumi za hams, ambazo pumzi hupita pamoja nazo: fe, hha, the, he, shini, khe, swadi, sini, kafu na te. Nyingi katika herufi hizo, kwa masikio ya kompyuta, ni upepo tu. Ukikaza kifaa hicho, sini inakuwa butu, hha inakaribia kupotea, na he ya mwisho wa neno inafutika kabisa. Msomaji alitamka sawasawa, programu ikamharibia. Basi kitumie kwa kiasi. Mara nyingi desibeli 6 zinatosha. Kisha sikiliza kwa hedifoni, herufi kwa herufi, ukilinganisha na rekodi ya awali.

Kifaa cha kufupisha ukimya nacho kina hatari yake. Kwa mhadhara kinaweza kufaa. Kwa Qur'ani hakifai, kwa sababu ukimya wa msomaji ni waqf, na waqf ina hukumu zake. Ukiondoa kituo ukaunganisha maneno ambayo msomaji aliyatenganisha, umeleta usomaji ambao hakuna mtu aliyeusoma. Vivyo hivyo kukata neno lililokosewa na kupachika jingine kutoka mahali pengine. Msomaji akikosea, arudi mwanzo wa aya, asome tena yote.

Mwangwi mwingi hurefusha mwisho wa kila herufi, hata madda ya harakati mbili ikasikika kama ya nne, na qalqala ikafunikwa. Ama kile kifaa cha kunyoosha sauti, sioni haja yake kabisa katika usomaji. Qur'ani tumeipokea kwa kusikia kutoka kinywani mwa mwalimu na kumsomea yeye naye atusahihishe. Mwanafunzi aliyesahihishwa na kompyuta hakusahihishwa. Ataipeleka rekodi nzuri kwenye mashindano ya mtaani, na siku atakapoitwa kusoma mbele ya watu, ukweli utajitokeza.

Wapo watakaosema kuwa bila kupamba, qaswida zetu hazitasikilizwa, kwani vijana wamezoea muziki wa redioni. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Lakini jiulizeni: mtu akimaliza kuisikiliza qaswida, amebaki na nini? Qaswida imetungwa ili ifundishe, imsifu Mtume na ikumbushe mema. Kama mwangwi na mdundo vimeyazamisha maneno hata mama jikoni hawezi kujua mmesema nini, basi kazi ya mtunzi imepotea. Pambeni kidogo mkipenda, lakini maneno yatangulie.

Wapo pia wazazi wanaosema kompyuta ni mlango wa upuuzi, bora mtoto asiiguse. Wazazi wetu, hofu yenu ina msingi. Pamoja na hayo, mtoto anayerekodi usomaji wake na kuusikiliza hupata faida kubwa: anasikia mwenyewe kosa ambalo mwalimu amemwambia mara nyingi. Kaeni naye, mpangieni muda, na rekodi iende kwa mwalimu kabla ya kwenda kwa marafiki. Na walimu nao wasisambaze sauti ya mtoto bila kumuuliza mzazi wake. Tena kikundi kisirekodi utunzi wa mwingine kikajiita wenyewe. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kabla ya sheria hiyo dini yetu ilishatukataza kuchukua haki ya mtu.

Nimalizie na jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu zama za misafara ya karne ya 19, na bado tunao wazee wanaosoma maulidi na nyiradi kwa mahadhi ambayo hayapo kwenye kanda yoyote. Wanapoondoka, wanaondoka nayo. Huku sisi tumeshughulika kutafuta mwangwi mzuri, hazina inatutoka mlangoni. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo ninapendekeza kila darasa la wakubwa katika madrasa zetu lipewe mzee mmoja wa kumrekodi mwaka huu, kwa idhini yake na kwa adabu. Hesabu yake si ngumu. Rekodi ya mkondo mmoja kwa mfumo wa WAV, yenye ubora wa CD, huchukua takriban MB 318 kwa saa moja, hivyo flashi ya GB 8 inabeba karibu saa 25. Faili hiyo ya WAV ndiyo asili, isiguswe na kifaa chochote. Ya kutumiana kwenye simu itolewe kwa MP3, ambayo kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 haizidi MB 60 kwa saa. Na wenye Audacity ya zamani, ya kabla ya toleo la 3 lililotoka mwaka 2021, wajue kuwa kazi yao huhifadhiwa katika faili dogo pamoja na folda yenye sauti. Anayenakili faili peke yake kwenye flashi ameacha sauti yote nyuma. Wekeni nakala mbili, moja kwa mwalimu na moja nyumbani kwa mzee mwenyewe. Mwanzoni mwa kila rekodi litajwe jina la msomaji, mahali na tarehe, ili watakaokuja wajue wanamsikiliza nani.

Mkifanya hivyo, hata kama rekodi ina jogoo anayewika kwa mbali, itakuwa na thamani kuliko qaswida kumi zilizopambwa.