Bahati Nayo Ina Sheria

Wako watu wasemao kwamba bahati haina sheria. Mcheza kamari huisema kauli hiyo ili aendelee kutumaini, na mwanafunzi mvivu huisema ili asifungue kitabu cha hesabu. Kauli hiyo ni ya uongo, nami nataka kuikanusha kwa hoja.

Chukua mpira, ewe msomaji, uchore juu yake nukta na mistari ya kuziunganisha, pasiwe na mstari unaokata mwingine, mpaka uso wote ugawanyike katika vipande vyenye pande nne nne. Wataalamu wa hesabu huuita mchoro huo ramani. Sasa fikiri ramani zote ziwezekanazo zenye vipande milioni moja, kisha moja itolewe kwa kura, zote zikiwa na nafasi sawa. Hapana fundi aliyezipanga njia zake. Je, zitakuwa vurugu tupu?

La, hasha! Katika ramani kubwa za namna hii, vipande vikizidishwa mara 16, umbali wa kawaida baina ya nukta mbili huongezeka kama mara 2 tu. Katika uwanja uliogawanywa kwa miraba iliyo sawasawa, ungeongezeka mara 4.

La ajabu zaidi ni habari ya njia fupi kabisa. Tazama tufe la dunia lililo darasani. Njia fupi itokayo Mombasa na ile itokayo Kisumu kwenda Ncha ya Kaskazini hazikutani ila kwenye ncha yenyewe. Lakini katika ramani kubwa ya kura, wasafiri wawili watokao pande mbalimbali kwenda nukta moja iliyochaguliwa kwa kura, karibu daima njia zao fupi huungana kabla ya kufika, zikawa kama njia moja. Jean-François Le Gall, Mfaransa, alitangaza uthibitisho wa jambo hilo mwaka 2010. Mwaka 2013 yeye na Grégory Miermont, kila mmoja kwa hoja zake, walionyesha kwamba ramani hizo zikizidi kukua hukaribia umbo la namna moja. Na vipande vikiwa vya pande tatu, umbo ni la namna ile ile.

Mpinzani ataniuliza, "Je, waweza kuitaja ramani itakayotoka?" Siwezi, wala sikudai hivyo. Mkulima hajui tone lipi litaangukia shina lipi, lakini ajua majira ya masika, na kwa ujuzi huo hupanda.

Mwenye nyumba ya kamari naye hamjui mshindi wa leo, lakini amekwisha kupiga hesabu ya michezo elfu, na faida yake imo humo. Humpata kwa urahisi kijana aaminiye kwamba bahati haina sheria. Basi, enyi wanafunzi, jifunzeni sheria hizo ninyi wenyewe, kabla hazijatumiwa na wengine juu yenu.